Utalii wa baiskeli Dodoma hautaletwa na lami wala mashindano

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kufika Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, na hasa tangu Kigali iwe mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika, mjadala wa utalii katika makao makuu ya nchi umepata mada mpya. Wapo wanaosema kwamba Dodoma, ambayo kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa mkoa wa kupita tu, sasa inaweza kujitangaza kwa waendesha baiskeli wa ndani na nje: treni ipo, lami ya kwenda Kondoa na Babati ipo, milima ipo, na kilichobaki ni kuandaa shindano kubwa lenye zawadi nono na kualika kamera. Wazo hilo lina ukweli ndani yake, lakini limeshikwa upande usio na mpini. Mtu anayesafiri kwa baiskeli siku kadhaa milimani hafuati lami wala shindano. Anafuata barabara yenye magari machache, inayopita mahali pa kuona na penye watu wa kumuuzia chakula. Dodoma inazo barabara hizo kwa wingi, kwa sababu ambazo hakuna aliyezipanga, na baadhi ya mipango inayopendekezwa sasa kwa nia njema ndiyo inayoweza kuzipoteza.

Ni vyema kutenganisha mambo mawili ambayo jina la baiskeli huyachanganya. Mwanamashindano anataka barabara laini iliyofungwa kwa ajili yake, gari la msaada nyuma na saa mbele. Msafiri wa baiskeli anabeba nguo, maji, vifaa vya kuziba pancha na pengine hema. Katika nchi ya vilima anakwenda kilomita 40 hadi 60 kwa siku, na kwenye mpando mkali mwendo wake haumzidi sana mtu wa miguu. Kwa mwendo huo, kila lori linalompita ni tukio. Sheria zetu zinaruhusu mabasi na magari makubwa kwenda hadi kilomita 80 kwa saa nje ya makazi, kwa hiyo hata dereva mtiifu anampita mwendesha baiskeli kwa upepo unaotosha kumyumbisha, na madereva wasio watiifu si haba. Ndiyo maana kila mahali ambako safari za aina hii zimeota mizizi, ramani zake hukwepa barabara kuu. Njia ya Great Divide ya Marekani, iliyochorwa miaka ya 1990 kufuata Milima ya Rocky, haikuhitaji kujengwa: barabara za vumbi za misituni na mashambani zilikuwepo tayari, zikaunganishwa kwenye ramani pamoja na maelezo ya wapi maji yanapatikana na wapi hayapatikani. Kilichouzwa pale ni taarifa na utulivu, na vyote viwili havikuhitaji mkandarasi.

Utulivu wa barabara za Dodoma una historia, na historia hiyo haitajwi katika mjadala wa sasa. Kabla ya reli, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ambako wapagazi walipumzika na kujaza vibuyu kabla ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo. Wageni wa Kizungu waliopita huko katika karne ya 19 walilalamika sana kuhusu hongo, yaani ushuru wa kupita na wa maji uliotozwa na watemi wa Kigogo. Hawakuwa wepesi vilevile kueleza kazi ya kuchimba na kulinda visima katika nchi inayopata mvua msimu mmoja kwa mwaka. Kisha Wajerumani wakajenga Reli ya Kati, wakaianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Reli ilipita Gulwe ikaiacha Mpwapwa kando. Ilipita Manyoni ikaiacha Kilimatinde juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Na ikaifanya Dodoma, iliyokuwa makazi madogo, kuwa mji. Njia za misafara hazikufa siku hiyo. Zilirudi kwa wenyeji na mifugo yao, zikawa njia za kwenda mnadani, shambani na kanisani, na wapita njia wa masafa marefu wakazisahau.

Jambo hilohilo limetokea tena, safari hii mbele ya macho yetu. Aprili 27, 2018, Rais John Magufuli alizindua huko Kondoa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, kipande muhimu cha barabara kuu inayoiunganisha Cape Town na Cairo. Kabla ya lami hiyo, msafiri wa basi kati ya Arusha na Dodoma kwa kawaida alizungushwa Singida au Chalinze, na aliyethubutu kupita Kondoa wakati wa mvua alijua atalala njiani. Waendesha baiskeli wanaovuka bara kutoka kaskazini kwenda kusini waliijua barabara ile kwa mchanga na mawe yake, na wapo waliosikitika ilipowekwa lami, wakidhani kwamba uzuri wa safari umezikwa. Walikosea, kama wanavyokosea leo wanaodhani kwamba uzuri huo umezaliwa na lami. Lami imeyakusanya mabasi, malori na magari ya serikali kwenye mstari mmoja, na kwa kufanya hivyo imezipunguzia mzigo barabara za pembeni. Msafiri wa baiskeli anaihitaji lami hiyo kwa namna moja tu: imfikishe karibu, imletee unga na soda madukani, na iyaweke magari mbali naye.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni vilima vya Irangi. Ukitoka mjini Kondoa kwenda kaskazini, lami inapita Kolo na kupanda kuelekea Bereko, na karibu magari yote hubaki juu yake. Mashariki mwa Kolo zinaanza barabara za udongo ziendazo Pahi, Haubi na Busi, zinazopanda na kushuka kati ya mashamba ya mahindi, mbaazi na alizeti. Mtu akiwa na bahati ya kupita huko asubuhi ya Juni au Julai, hewa ikiwa ya baridi na vumbi bado limelala, anaweza kwenda mwendo mrefu akikutana na bodaboda chache, watoto wa shule, na baiskeli za wenyeji zilizofungwa magunia kwenye keria. Hakuna kibao cha utalii kinachoitaja barabara hiyo. Ni barabara ya kazi, na ndiyo sababu ni nzuri: ina vijiji kwa umbali unaovumilika, vijiji vina maduka, na mara nyingi yupo fundi baiskeli chini ya mwembe au mfenesi mwenye pampu, gundi na spoki za kutosha.

Katika vilima hivyo ndimo imo Michoro ya Miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Imetawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336 kwenye miteremko ya ukingo wa Bonde la Ufa, na makadirio ya idadi ya mapango yenye michoro ni kati ya 150 na 450. Upana wa makadirio hayo peke yake ni maelezo ya kutosha kuhusu aina ya urithi tunaouzungumzia. Huu si urithi wa kusimamisha gari, kupiga picha na kuondoka. Mgeni anayeletwa na gari kutoka Arusha huonyeshwa mapango mawili matatu ya karibu na Kolo, hupanda kwa miguu sehemu ya mwisho, na jioni yuko kwenye hoteli iliyo mbali na wilaya. Kwa mtu wa baiskeli, kutawanyika kwa michoro, ambako ni kero kwa mwendesha gari, kunakuwa ratiba: leo Kolo, kesho Pahi, keshokutwa kwingine, kila mahali kwa kiingilio, kiongozi na mahali pa kulala. Tena baadhi ya sehemu hizo si makumbusho yaliyokufa. Mungomi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko kwa wenyeji, na mgeni anayefika taratibu, akasalimia na kuandika jina katika kitabu cha ofisi ya kijiji, ana nafasi kubwa ya kuelewa mipaka yake kuliko aliyeshushwa na dereva mwenye haraka.

Vilima hivyo vina somo la pili, nalo linahusu barabara zenyewe. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, kwa sababu mmomonyoko Kondoa ulikuwa umekula mashamba na kufungua makorongo ya kutisha. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa yote katika eneo la takriban kilomita za mraba 1,256, hatua kali ambayo familia nyingi za Irangi ziliilipia kwa maziwa, samadi na heshima. Ng'ombe waliruhusiwa kurudi miaka mingi baadaye, kwa sharti la kufugiwa ndani. Miti na nyasi vilirudi. Kijani anachokifurahia msafiri leo akishuka kuelekea bonde la Haubi kina bei iliyokwisha kulipwa na watu wale. Na udongo wenyewe haujabadilika tabia: barabara ikipanuliwa kwa greda na kuachwa bila mitaro, makalvati na vizuizi vya maji, msimu mmoja wa mvua unatosha kuanzisha korongo jipya palepale lilipozibwa la zamani. Kwa hiyo anayependekeza kuchonga barabara pana za vumbi ili kupitisha shindano la siku mbili anapendekeza kwa Irangi kitu ambacho Irangi imehangaika nusu karne kukirekebisha.

Kuhusu Kigali, mfano wake unatajwa nusu. Mbio za wanaume wakubwa zilikuwa za kilomita 267.5, na Tadej Pogačar wa Slovenia alizishinda. Ulikuwa mchezo wa kusisimua, na Rwanda ilistahili sifa. Lakini Rwanda haikufika hapo kwa kualika kamera. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, ikaingia katika kalenda ya shirikisho la kimataifa mwaka 2009, na kati ya miaka hiyo waliandaliwa wachezaji, makocha, polisi wa barabarani na watazamaji. Muhimu zaidi kwa mada yetu, mgeni anayekwenda Rwanda kutembea kwa baiskeli kwa kawaida hatafuti mitaa ya Kigali ambako mbio zilipita. Anakwenda kwenye njia ya Congo Nile, yenye kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya udongo, hupita vijijini na kukwepa lami iliyojengwa sambamba nayo. Rwanda ina vitu viwili tofauti na inavitunza tofauti. Sisi tunataka kuiga cha kwanza, chenye gharama kubwa, huku cha pili tukiwa nacho bila kukiona.

Hoja nzito dhidi ya msimamo huu inahusu haki ya wanakijiji. Je, watu wa Haubi wabaki na vumbi ili mgeni apate utulivu wake? Mama mjamzito anayetakiwa kufika hospitali ya Kondoa usiku wa mvua hana haja na utulivu wa mgeni. Anahitaji gari linaloweza kupita. Hoja hii haijibiwi kwa maneno matamu, na mtu anayeitetea baiskeli kwa kutaka barabara ziachwe mbaya hastahili kusikilizwa. Nchini Italia, katika mkoa wa Toscana, Giancarlo Brocci na wenzake walianzisha safari ya L'Eroica mwaka 1997 kwa lengo la kuziokoa barabara nyeupe za changarawe za eneo la Chianti zisiwekwe lami, na wakafaulu kiasi kwamba tangu 2007 yapo mashindano ya wachezaji wa kulipwa ambayo sasa yana jina la barabara hizo, Strade Bianche. Mfano huo unavutia, ila hauhamishiki kirahisi. Watu wa Chianti walikwisha kuwa na lami ya kuwafikisha hospitali na sokoni. Changarawe waliyoitetea ilikuwa ya kufika kwenye mizabibu na nyumba za mashambani. Sehemu nyingi za Irangi, za Kibakwe kule Mpwapwa na za Kwa Mtoro kule Chemba, barabara ya udongo ndiyo hiyohiyo moja.

Hata hivyo, swali hilo linachukulia kwamba mbele yetu kuna machaguo mawili tu, lami au vumbi, na hapo ndipo linapopungukiwa. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, unasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000, na sehemu kubwa yake ni barabara za udongo. Hakuna bajeti inayoweza kuuwekea lami mtandao huo katika kizazi chetu. Kwa barabara nyingi za vijijini, chaguo halisi ni kati ya barabara inayopitika mwaka mzima na barabara inayokatika kila Januari, na barabara hukatika mahali fulani mahususi: kwenye korongo lisilo na daraja, kwenye mteremko usio na mtaro, kwenye tope la mita mia moja. Kalvati, drifti (yaani sakafu ya zege ambayo maji hupita juu yake), daraja la mawe la aina ambayo TARURA wenyewe wamekuwa wakijenga kwa gharama ndogo kuliko ya zege, na changarawe iliyoshindiliwa kwenye mipando, hayo ndiyo yanayompitisha mama mjamzito. Na hayohayo, bila kuongeza hata moja, ndiyo anayohitaji msafiri wa baiskeli, pamoja na maelfu ya wenyeji wanaobeba maji, mkaa, mahindi na wagonjwa kwa baiskeli kila siku bila mtu kuwaita watalii. Lami itakapofika Haubi, na ifike, msafiri atahamia barabara ya pili. Anachokitegemea ni mtandao wa njia nyingi zinazopitika, na mtandao huo ndio unaomfaa mkulima pia.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi maofisini: kwamba mgeni wa baiskeli ni mgeni maskini, asiyelipa hoteli wala gari, na kwamba mkoa wenye hadhi ya makao makuu usijishughulishe naye. Dharau hiyo ina mizizi katika maisha ya kawaida. Nikiwa nakokota baiskeli kwenye mpando wa kuelekea Haubi, mama mmoja aliniuliza kwa huruma ya kweli, "Mwanangu, umekosa nauli?" Swali lake lilikuwa la busara, kwake baiskeli ni chombo cha mzigo, na mtu mwenye nauli hapandi mlima ule kwa kujitesa. Lakini mpanga mipango ana wajibu wa kupiga hesabu. Kutoka Dodoma hadi Kondoa kwa lami ni yapata kilomita 160. Gari huzimaliza kwa saa mbili na nusu hivi, na abiria wake hununua soda moja na karanga. Anayezungukia barabara za vijijini kwa baiskeli hutumia siku tatu au nne kwa safari hiyohiyo, na kwa kuwa hawezi kubeba chakula cha siku nne, hula kwa mama lishe mara tatu kwa siku, hununua maji kila kituo, hulala gesti za vijijini, humlipa fundi, na mara nyingi hukaa siku nzima mahali kwa sababu miguu imechoka au nguo zinakauka. Fedha yake ni ndogo kwa siku moja, lakini huangukia mikononi mwa watu ambao fedha ya utalii wa magari huwapita kwa vumbi. Tena kuna ushahidi wa macho: baiskeli anazokuja nazo wengi wa wageni hao zina bei inayolingana na pikipiki mpya au kuzidi. Anayepanda mlima kwa kukosa nauli na anayeupanda kwa kupenda hufanana wakiwa mbali.

Pamoja na hayo, watetezi wa utalii huu nao wasiupambe kupita kiasi. Nchi ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024, na hata mipango ya Dodoma ikifaulu yote, waendesha baiskeli hawataonekana katika jedwali hilo. Utalii unaotegemea utulivu una kikomo ndani yake. Ukikua sana unajila wenyewe. Kuna pia suala la maji, ambalo mashabiki wengi huliruka. Dodoma hupata mvua ya milimita zipatazo 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Msimu mzuri wa baiskeli, Juni hadi Oktoba, ndio msimu ambao visima hupungua, na ifikapo Septemba kundi la watu kumi wanaohitaji lita sita au zaidi kila mmoja, mbali na kuoga, si wageni wepesi kwa kijiji chenye bomba moja. Watemi wa Ugogo walilielewa hili kabla ya ofisi yoyote ya utalii: maji ya njiani yana bei, na bei huamuliwa na mwenye kisima. Halmashauri ikiweka ada ndogo inayofahamika, inayolipwa kwa serikali ya kijiji kwa stakabadhi na kutumika kutunza kisima, mgeni atalipa bila kinyongo. Asichokipenda ni kutozwa kwa kukisia.

Tukikubali kwamba mali yenyewe ni utulivu, vipaumbele vinabadilika sura. Wateja wa kwanza hawako Ulaya. Wako Mtumba, kwenye mji wa serikali, ambako maelfu ya watumishi wamehamia tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na wako Dar es Salaam, ambako mtu anaweza kupanda SGR Ijumaa jioni na kulala Dodoma usiku uleule. Kwao, jambo kubwa ambalo Shirika la Reli, TRC, linaweza kufanya ni kuwa na kanuni ya kubeba baiskeli iliyoandikwa, yenye nauli iliyotajwa na inayojulikana hata kwa mhudumu wa getini. Stesheni ya Gulwe haifiki kilomita 25 kutoka Mpwapwa. Mtu akishuka hapo na baiskeli yake anaweza kwenda kusini Kibakwe na kuelekea safu ya Rubeho na mashamba ya vitunguu ya Lumuma, au kupita chini ya milima ya Kiboriani hadi Kongwa, mji uliobeba mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa mwaka 1951 na, kuanzia 1964, kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kutoka huko anarudi Dodoma akisukumwa na upepo, kwa sababu miezi ya kiangazi upepo hutoka mashariki na kusini mashariki, tena kwa nguvu mchana. Anayepanga safari hiyo kinyume chake ataijua tofauti kabla ya saa sita.

Barabara ya mzunguko wa nje wa jiji, kilomita 112.3 za njia nne, itayaondoa malori katikati ya mji, na hilo ni jema. Lakini imelizunguka jiji, kwa hiyo kila mwenye baiskeli anayetoka mjini kwenda Veyula, Nala au Bihawana lazima aivuke mahali fulani. Kivuko salama kwenye makutano ya barabara za vijiji hakigharimu hata sehemu ndogo ya shindano moja la kimataifa, na atakayekitumia mara nyingi zaidi ni muuza mboga. Vilevile mgeni anayekuja na tairi la inchi 29 aambiwe mapema kwamba maduka ya Kondoa na Mpwapwa yamezoea inchi 26 na 28, na kwamba miiba ya mbigiri ya Ugogo haichagui tairi.

Kinachobaki ni ramani, na hapa muda hauko upande wetu. Kwa sasa, mgeni anayetafuta njia ya Irangi kwenye simu hupewa ama lami yenye mabasi, ama mstari uliochorwa na mtu wa mbali anayeunganisha vijia bila kujua kwamba kimoja kinaingia katika Pori la Akiba la Mkungunero, ambako kibali kinahitajika na tembo wapo, na kingine kinapita kwenye mwamba ambao wazee hawaruhusu mgeni aufikie bila wao. Ramani nzuri inahitaji ofisa utalii wa wilaya, mhandisi wa TARURA anayejua makorongo yapi hayavukiki masika, na wazee wa vijiji husika, kwa wiki chache za kuzunguka pamoja. Waizunguke Oktoba au Novemba, kiangazi kikiwa kimefika mwisho, ili kila kisima kitakachoandikwa humo kiwe ni kile ambacho bado kina maji.